Nyumba ya Setla Shambani: Uliza Kabla ya Kuingia, Andika Kabla ya Kubomoa

Anayesafiri kutoka jijini Eldoret kuelekea Moiben, Ziwa au Kesses huipita ishara hii bila kuitambua. Katikati ya mahindi husimama kundi la mikaratusi mirefu, au safu mbili za saipresi zilizopandwa kwa kamba, zikielekea mahali ambapo leo hakuna lango. Miti ya namna hiyo mara nyingi huonyesha palipokuwa na makao ya setla. Pengine kilichobaki ni bomba la moshi na ngazi tatu za mawe. Pengine nyumba nzima bado ipo, mlango umefungwa kwa waya, kuku wanalala sebuleni na watoto wa jirani wanaambiana kuwa humo kuna mizimu.

Nyumba kama hizi huvuta watu. Vijana huingia kupiga picha. Wengine huenda usiku na msumeno, kwa sababu mbao za mtarakwa hazipatikani tena kwa urahisi, au na sururu, kwa sababu wamesikia kuna mali iliyofukiwa chini ya sakafu. Naye mwenye shamba, ambaye huenda ameirithi nyumba asiyoijenga na asiyoihitaji, hujiuliza: niibomoe au niiache?

Makala haya yanaeleza nyumba hizi zilitoka wapi, namna ya kuzisoma, sheria inasema nini, hatari zilizomo, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua bila gharama kubwa. Jambo la kuanza nalo ni hili: nyumba ya setla si kumbukumbu ya setla peke yake. Ni ushahidi wa namna ardhi ilivyochukuliwa na wa kazi ya watu waliochonga mawe yake, waliopika jikoni mwake na waliolima mashamba yaliyoizunguka. Wengi wa watu hao hawakuandikwa popote pengine.

Zilifikaje hapa

Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa na wenyewe kabla ya nyumba hizi. Jina lenyewe linatokana na Wamaasai wa Il-Wuasin-kishu, waliochunga mifugo hapa hadi vita vya karne ya 19 vilipowatawanya. Wasirikwa wanaokumbukwa katika simulizi waliacha mashimo ya kufugia ng'ombe ambayo bado yanaonekana katika sehemu mbalimbali za Bonde la Ufa. Wanandi na Wakeiyo nao walitumia uwanda huu kwa malisho. Wanandi waliwapinga Waingereza kwa takriban miaka 10, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905.

Wakati vita hivyo vikiendelea, wakubwa wa Ulaya walikuwa wakijadili uwanda huu kana kwamba hauna watu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza uwe makao ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya Mashariki. Tume ilitumwa kuutazama, na mwaka 1905 mkutano mkuu wa Wazayuni uliofanyika Basel ulilikataa pendekezo hilo. Mwaka 1908 likaja kundi kubwa la Makaburu kutoka Afrika Kusini, likiongozwa na Jansen van Rensburg. Walishuka meli Mombasa, wakapanda gari moshi hadi Nakuru, kisha wakapanda milima na kuvuka misitu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Walifika karibu na kilima cha Sergoit mwezi wa Oktoba mwaka huo.

Ardhi ilikatwa mashamba na kupewa nambari. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na ndiyo sababu wazee bado wanauita mji huu Sisibo, yaani jinsi wenyeji walivyotamka sitini na nne kwa Kiingereza. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912.

Sheria ilimpa mgeni uhakika ambao mwenyeji alinyimwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu ukodishaji wa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikaufikisha miaka 999. Upande wa pili, sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota aliyeishi kwenye shamba la setla amfanyie kazi siku 180 kila mwaka. Muda mfupi baadaye kipande kikaanza kutumika: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba cheti cha usajili na kazi, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Nyumba kubwa iliyo juu ya mwinuko ilijengwa ndani ya utaratibu huo. Haiwezi kueleweka bila huo.

Namna ya kuisoma nyumba

Mtu asiyejua historia anaweza kuingia katika gofu na kutoka bila kuona chochote ila vumbi. Ziko alama ambazo husema mengi.

Alama ya kwanza ni vifaa vya ujenzi. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na mwaka huo ni mpaka mzuri wa kukadiria umri. Kabla yake, kila kilichotoka mbali kililetwa kwa maksai. Kwa hiyo nyumba za mwanzo zilitegemea kilichokuwa karibu: udongo, nyasi, miti ya msituni, mawe ya shambani. Baada ya reli, ilikuwa rahisi zaidi kuleta saruji, vioo vikubwa, mabeseni ya kuogea ya chuma na mabati kwa wingi. Nyumba moja inaweza kuwa na enzi zote mbili: chumba kidogo cha nyuma chenye kuta nene zilizounganishwa kwa udongo, na mbele yake vyumba vya baadaye vya mawe yaliyochongwa. Chumba kile kidogo ndicho kilichotangulia, hata kama leo kinatumika kama ghala.

Alama ya pili ni meko ya ukutani. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hauna mzaha. Idadi ya mabomba ya moshi juu ya paa husaidia kukadiria uwezo wa mwenye nyumba, maana kila meko ilihitaji kuni, na kuni zilihitaji mtu wa kuzikata, kuzibeba na kuziwasha.

Alama ya tatu ni maji na umeme. Mji wa Eldoret ulipata maji ya mfereji kutoka mto Sosiani mwaka 1928, na mtambo wa umeme mwaka 1933. Mashambani mambo yalichelewa. Mfereji wa kuvuna maji ya mvua, tangi la mawe nyuma ya nyumba, na njia ya chini ya kwenda mtoni huonyesha maji yalivyopatikana. Ni vizuri kujiuliza ni mgongo wa nani uliyapandisha.

Alama ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi: sehemu ya nyuma. Katika nyumba nyingi za aina hii jiko lilitengwa na nyumba kubwa kwa sababu ya moto na moshi, na wakati mwingine liliunganishwa nayo kwa njia iliyoezekwa. Mbali kidogo palikuwa na vyumba vya mpishi, yaya na watumishi wengine: vidogo, dirisha moja, bila dari. Mbali zaidi zilikuwa nyumba za vibarua, ambazo hazikujengwa kwa mawe na hivyo hazikudumu. Leo huenda alama zake ni ardhi iliyonyanyuka kidogo, vigae vya vyungu na mti wa kivuli. Anayepiga picha ya ukumbi wa mbele na kuacha upande huu amechukua nusu ya habari.

Alama ya tano ni majina. Waashi na mafundi seremala wakati mwingine walichora herufi, tarehe au mistari ya kuhesabia kwenye jiwe lisiloonekana, juu ya boriti au nyuma ya mlango. Alama kama hizo hazipaswi kufutwa, kupakwa rangi wala kuongezewa majina ya wageni wa leo.

Kwa nini ziliachwa

Kuelekea uhuru wa mwaka 1963, masetla wengi waliuza mashamba, na Makaburu wengi walirudi Afrika Kusini. Ardhi ilipita katika mikono mbalimbali: mipango ya makazi ya serikali iliyoanza mapema miaka ya 1960, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, wakulima binafsi, na Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965.

Nyumba nazo zilipata kazi mpya. Nyumba kubwa yenye vyumba vingi ilifaa kuwa shule, zahanati, ofisi, makao ya meneja au ghala la mahindi. Familia nyingine zilihamia ndani na bado zinaishi humo. Lakini shamba linapogawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, nyumba inaweza kujikuta katikati ya mpaka. Hakuna anayeitambua kuwa sehemu ya fungu lake, na hakuna anayetaka kugharimia paa ambalo ndugu zake pia wanadai.

Hapo ndipo kifo cha nyumba huanza, na karibu kila mara huanza juu. Bati moja likitoka, mvua huingia darini. Dari hulowa, boriti huoza, mchwa hufuata unyevu. Kuta za mawe zilizounganishwa kwa udongo au chokaa zinaweza kusimama kwa miaka mingi zikiwa kavu, lakini maji yakiingia kutoka juu huyeyusha kiunganishi kutoka ndani, na ukuta unaoonekana imara unakuwa mawe yaliyopangwa tu. Kisha watu huona nyumba "imekufa", wakachukua mlango, dirisha, bati jingine. Kila kinachochukuliwa hufungulia maji njia mpya.

Wapo pia wanaozika sururu sakafuni. Uvumi wa mali iliyofukiwa na wakoloni unajulikana kote Afrika Mashariki; Tanzania husimuliwa hadithi nyingi za hazina za Wajerumani. Setla aliyeondoka wakati wa uhuru aliuza shamba na kusafiri kwa muda wake. Hakuwa na sababu ya kuacha mali yake chini ya ubao. Anayechimba sakafu hupata vumbi, na huacha msingi ukiwa wazi kwa mvua ijayo.

Nyumba zilizopata maisha ya pili

Si kila nyumba ya aina hii iliishia kuwa kifusi. Mifano iliyo karibu inafaa kuangaliwa.

Huko Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, kuna kasri la Lord Maurice Egerton lenye vyumba 52. Ujenzi wake ulianza mwaka 1938 na kukamilika mwaka 1954. Mwenyewe alifariki mwaka 1958 bila mke wala mtoto, na kasri likabaki bila mrithi wa kuishi humo. Leo liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, taasisi iliyotokana na shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939, na wageni hulitembelea kwa kulipa kiingilio. Wengi huvutwa na simulizi kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa.

Jijini Nairobi, nyumba ya shambani iliyojengwa mwaka 1912 na kukaliwa na mwandishi Karen Blixen kuanzia mwaka 1917 hadi 1931 ilinunuliwa na serikali ya Denmark, ikakabidhiwa Kenya kama zawadi ya uhuru. Ilifunguliwa kama jumba la makumbusho mwaka 1986, na jina la mtaa wa Karen linajulikana hata na wasiowahi kusoma kitabu chake.

Mfano wa Kitale una funzo tofauti. Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, akikusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji. Alipofariki mwaka 1966 aliacha mkusanyiko huo kwa taifa, na mwaka 1974 makumbusho ya Kitale yakafunguliwa kwa umma, ya kwanza katika bara mbali na Nairobi na pwani. Hapa kilichookolewa hasa ni vitu na maelezo yake, si kuta. Funzo ni kwamba hata pale nyumba isipoweza kuokolewa, kilichomo na kinachojulikana kuihusu kinaweza.

Mifano hii ina tatizo moja la pamoja. Jina lililo mlangoni ni la mwenye nyumba. Wajenzi, wapishi, madereva na watunza bustani hawasikiki sana. Uasin Gishu ina nafasi ya kufanya tofauti, kwa sababu baadhi ya waliofanya kazi hizo, au watoto wao, bado wako hai. Nafasi hiyo ni finyu. Aliyekuwa na miaka 15 Kenya ilipopata uhuru alizaliwa mwaka 1948. Ukuta wa mawe unaweza kusubiri miaka mingine 20. Kogo aliyekuwa yaya au kugo aliyechunga ng'ombe wa setla akiwa mtoto hawezi kuahidiwa hiyo.

Sheria inasema nini

Wananchi wengi hudhani kuwa nyumba kuukuu ni mali ya serikali, au kwamba isiyo na mlinzi haina mwenyewe. Dhana zote mbili si sahihi.

Kwanza, nyumba iliyo ndani ya shamba ni sehemu ya shamba hilo. Kuingia bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya kuingia ardhi ya mtu, hata kama hakuna ua wala ilani. Kuondoka na bati, ubao au jiwe ni wizi kama wizi mwingine wowote.

Pili, umri peke yake hauifanyi nyumba ya wakati wa ukoloni ilindwe. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, waziri anayehusika, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, anaweza kutangaza jengo kuwa turathi inayolindwa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye mali na watu wengine hupewa muda wa kuwasilisha pingamizi kabla ya uamuzi kuthibitishwa. Jengo likishatangazwa, kulibomoa, kulibadilisha au kuliharibu bila idhini ni kosa. Kutangazwa peke yake hakuhamishi umiliki wa ardhi.

Tatu, Katiba imegawanya majukumu. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa majukumu ya majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na linazipa kaunti majukumu ya shughuli za kitamaduni na makumbusho ya ngazi ya kaunti. Kwa hiyo mwananchi anaweza kupeleka habari kwa ofisi yoyote kati ya hizo, na itafaa.

Nne, makaburi. Baadhi ya mashamba ya zamani yana makaburi ya familia za masetla, na mengine yana makaburi ya vibarua yasiyo na alama ila jiwe au mti. Kuvuruga mahali pa maziko ni kosa la jinai bila kujali aliyezikwa ni nani. Mwenye shamba anayekuta kaburi wakati wa kulima anapaswa kusimamisha kazi hapo na kumwarifu chifu.

Hatari ambazo hazionekani

Gofu linaweza kuua bila onyo. Wanaotaka kuingia, hata kwa ruhusa, wanapaswa kujua yafuatayo.

Sakafu za mbao huoza kutoka chini. Ubao unaong'aa juu unaweza kuwa unga chini yake. Ni salama zaidi kukanyaga kando ya ukuta, mahali boriti zinapoegemea, na mtu asipande ghorofani wala darini.

Ukuta uliopoteza paa haushikiliwi na kitu juu. Mvua kubwa ikinyesha, na kwa siku kadhaa baadaye, mtu asikaribie, asiegemee, wala asiruhusu watoto kucheza chini yake. Bomba la moshi lililoinama ni hatari zaidi.

Visima vya zamani na mashimo ya vyoo mara nyingi vilifunikwa kwa mbao au bati, kisha majani yakaota juu. Nyuma ya nyumba ndiko viliko. Mtu atembee na fimbo ndefu, akijaribu ardhi kabla ya kukanyaga.

Paa la vigae vya kijivu vinavyofanana na saruji laweza kuwa la asbesto. Vumbi lake huharibu mapafu, na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Lisivunjwe, lisitobolewe, lisifagiliwe likiwa kavu, na vipande vyake visitumike kujengea banda la kuku. Uondoaji wake una utaratibu maalumu chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA.

Josho la zamani la ng'ombe nalo lina hatari yake. Dawa za kupe zilizotumika miongo ya mwanzo ya karne iliyopita zilikuwa na sumu ya aseniki, ambayo hubaki udongoni kwa muda mrefu. Mboga zisipandwe hapo, na mifugo isinywe maji yaliyotuama humo.

Mwisho ni popo, nyuki na nyoka. Kinyesi cha popo kilichokauka kikivurugwa hutoa vumbi lenye vijidudu vya kuvu vinavyoingia mapafuni. Eneo hili lina sababu ya kuwa na tahadhari na makao ya popo: mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua na kufa kwa virusi vya Marburg. Nyumba si pango, na popo wengi hawana virusi hivyo, lakini chumba kilichojaa kinyesi chao kiachwe kimefungwa.

Hatua kwa mwananchi

Mwenye shamba, mwalimu, kikundi cha vijana au mkazi yeyote mwenye nia anaweza kufuata hatua hizi.

1. Tafuta mwenyewe. Anza kwa jirani na mzee wa kijiji. Pale ambapo haijulikani, ofisi ya usajili wa ardhi hufanya utafutaji rasmi kwa ada kwa kutumia nambari ya shamba. Pata ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi, na mwambie mwenye shamba siku na saa ya kufika.

2. Anza na wazee, si na kuta. Waulize kabla ya kuingia, na ikiwa wana nguvu, waombe waje nawe. Maswali mazuri ni mepesi: Nani alijenga? Mawe yalitoka wapi? Jiko lilikuwa wapi? Vibarua waliishi upande gani? Kipande kilikuwaje? Mshahara ulilipwa nini na lini? Andika jina la msimulizi kwa idhini yake, na umsomee ulichoandika kabla ya kuondoka.

3. Nenda mchana, si peke yako, ukiwa na viatu vigumu, na mtu wa nyumbani akijua uliko.

4. Piga picha kwa mpangilio. Pande nne za nje kwanza, kisha kila chumba kutoka mlangoni, kisha sehemu ya nyuma, tangi, josho na miti. Chora ramani ndogo kwa mkono na uandike vipimo kwa hatua ikiwa huna futi kamba.

5. Usichukue kitu. Chupa, barua kuukuu au bawaba ya shaba ikitolewa mahali pake hupoteza nusu ya maana yake. Ukikuta nyaraka, mwarifu mwenye shamba. Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi ndizo zinazohifadhi kumbukumbu za kipindi hicho, na mwananchi anaweza kwenda kuzisoma kwa kulipa ada.

6. Toa taarifa. Nakala ya maelezo ipelekwe kwa msimamizi wa wadi na kwa idara ya kaunti inayoshughulikia utamaduni. Nyumba inayoonekana kuwa na umuhimu wa kipekee iripotiwe pia kwa Makumbusho ya Kitaifa.

7. Ikiwa utaitunza, anza na paa. Kurudisha mabati machache na kusafisha mifereji ya mvua huokoa zaidi kuliko kupaka rangi. Kuta za udongo au chokaa zisizibwe kwa saruji ngumu, kwa sababu saruji huzuia unyevu kutoka na jiwe huoza nyuma yake. Tumia chokaa.

8. Ikiwa utabomoa, na wakati mwingine hakuna njia nyingine kwa sababu ya usalama, andika kwanza. Hatua ya 2 hadi ya 4 huchukua siku moja. Kabla ya kubomoa, kujenga upya au kubadilisha matumizi ya jengo, uliza idara ya mipango ya kaunti kuhusu idhini inayohitajika chini ya sheria ya mwaka 2019.

Nyumba ya nani?

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara ni hili: kwa nini mtu ambaye babu yake alifukuzwa kwenye ardhi hii atunze nyumba ya aliyemfukuza? Ni swali la haki. Hakuna anayelazimika kuipenda nyumba hiyo, na si kila moja inafaa kuhifadhiwa.

Lakini nyumba ikitoweka bila kuandikwa, haitoweki na historia ya setla. Historia ya setla ilikwisha kuandikwa, na setla mwenyewe na wajukuu zake, katika vitabu vilivyochapishwa mbali na hapa. Kinachotoweka ni mahali ambapo mjukuu wa skwota angeweza kusimama na kuonyesha kwa kidole: hapa ndipo babu alipopanga foleni ya posho, hili ndilo jiko alilopikia bibi, jiwe hili alilichonga mjomba. Bila mahali hapo, simulizi hubaki maneno, na maneno ni rahisi kukanushwa.

Msimu wa mvua hauko mbali, na kila msimu huangusha kitu. Mwenye gofu shambani mwake hahitaji fedha wala mtaalamu ili kuanza. Anahitaji daftari, simu yenye kamera, na mchana mmoja na mzee wa kijiji chake.